Panya, Ajabu na Haraka ya Kuita Uchawi

Usiku wa Kiirua una sauti zake. Eneo hili, lililo upande wa kaskazini wa Mlima Kenya katika Kaunti ya Meru, ni la baridi. Wakulima wake hupanda viazi, kabichi, ngano, mahindi na maharagwe, na nyumba nyingi zimejengwa kwa mbao na kuezekwa kwa mabati. Mchana jua huyatanua mabati hayo. Usiku baridi ya mlimani huyakaza, nayo hulia kwa kishindo kana kwamba kuna mtu aliyekanyaga paa. Darini panya hukimbizana. Ghalani gunzi huviringika bila mkono wa kuliviringisha. Mgeni aliyelala hapo kwa mara ya kwanza huuliza asubuhi ni nani aliyekuwa akitembea usiku kucha. Mwenyeji hucheka na kumjibu kwamba ni panya tu. Lakini usiku ambao nyumbani mna mgonjwa, au majirani wawili wamekosana, sauti ile ile haiitwi panya. Hupewa jina jingine.

Makala haya yanahusu jina hilo jingine na namna linavyokuja upesi. Msimamo wake ni kwamba jambo lisiloelezeka halina madhara makubwa kwa jamii; madhara huletwa na haraka ya kulieleza. Tena, fasihi ya Kiswahili imekwisha kutoa mfano mzuri wa namna ya kuishi na ajabu bila kumdhuru mtu, ila mfano huo haufundishwi ipasavyo na wale ambao kazi yao ni kuufundisha.

Kijana na sanduku lake

Hebu msomaji amfikirie kijana wa kubuni, mwanafunzi wa shule ya upili anayeishi Kiirua na nyanya yake. Kijana huyu anafuga panya watatu majike, weupe, wa aina ile ifugwayo maabarani, ambao mjomba wake alimletea kutoka mjini. Amewatengenezea sanduku la mbao na kulifunika kwa wavu wa chuma, kwa kuwa ameshajifunza kwamba meno ya mbele ya panya hayakomi kukua na kwamba mnyama huyo hana budi kuguguna. Ndani ametandika maranda ya seremala, na pembeni ameweka karatasi zilizochanwa ili wajifukie wakati wa baridi. Asubuhi huwapa punje za ngano na mahindi. Jioni huwapa kipande cha karoti. Kila baada ya siku chache hutupa matandiko ya zamani kabla harufu ya mkojo haijawa kali, kisha hunawa mikono kwa sabuni. Hawachanganyi na panya wa ghalani, maana anajua kwamba hao huweza kubeba maradhi. Anajua pia kwamba majike huishi pamoja kwa amani ilhali madume hupigana. Kwamba mimba yao huchukua wiki tatu hivi. Kwamba watoto wao huzaliwa vipofu na bila manyoya. Na kwamba umri wao ni miaka miwili hivi, kwa hiyo anayewapenda sharti ajiandae kuwazika. Kwa ufupi, amefikia ujuzi ambao hupatikana kwa kumtazama kiumbe kwa muda mrefu bila kumhukumu.

Hata hivyo, yapo asiyoyajua. Usiku mmoja panya mmoja anatoroka. Asubuhi kijana anamkuta kando ya kitanda cha nyanya yake, akikwaruza godoro. Anamrudisha. Siku chache baadaye anatoroka tena, na anakutwa pale pale. Nyanya amekuwa akikohoa tangu masika. Halafu unakuja usiku ambao panya wote watatu wanaacha ghafla mbio zao, wanasimama kwa miguu ya nyuma na kuelekeza pua upande mmoja wa chumba, palipo na giza tupu. Paka wa nyumba naye ameukazia macho ukuta ule ule. Wiki inayofuata nyanya anafariki dunia.

Kijana huyu sasa ana huzuni, ana panya watatu, na ana jambo asiloweza kulieleza. Akimsimulia rafiki yake, jambo hilo litatoka nje ya nyumba, na likishatoka litakutana na wafasiri. Wa kwanza atasema kwamba panya walijua. Wa pili atasema kwamba panya walitumwa. Wa tatu atauliza walitumwa na nani. Swali hilo la tatu ndilo la kuogopwa, kwa sababu haliwezi kujibiwa bila kutaja jina la mtu. Na katika vijiji vingi jina hilo huwa limekwisha kuandaliwa: ni mjane asiye na mtoto wa kumtetea, ni mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, au ni kijana mwenyewe, maana ni nani mwenye akili timamu anayelala chumba kimoja na panya?

Panya na pepo katika lugha

Mwanafunzi wa Kiswahili asidhani kwamba lugha yake haimo katika kesi hii. Panya wa Kiswahili ameshahukumiwa zamani. Mtu mnafiki huambiwa kwamba anauma na kupuliza kama panya. Magendo hupitishwa njia za panya. Paka akiondoka, panya hutawala. Na utawala huo, kwa mtazamo wa methali, si utawala wa heri. Panya wengi, wahenga wakanena, hawachimbi shimo. Yaani hata wingi wao ni wa bure. Ni vigumu kuipata methali inayomsifu. Ng'ombe ana sifa zake, punda ana subira yake, hata kinyonga ana hekima ya mwendo wake. Panya amebaki na wizi na unafiki. Mtoto anayekua katika lugha hii hupokea hukumu hiyo pamoja na msamiati.

Kwa upande wa mambo yasiyoelezeka, Kiswahili ni tajiri ajabu. Kina mzimu, pepo, jini, shetani, mzuka na kizuu. Kina jinamizi, lile linalomkaba mtu kifuani akiwa nusu macho nusu usingizini, mwili usiweze kusogea. Kina kiinimacho na mazingaombwe kwa ajabu zinazotengenezwa na watu. Kina muujiza kwa ajabu itokayo kwa Mungu. Kila neno kati ya haya lina mpaka wake, na waliolibuni waliona haja ya kutofautisha. Kizuu, ambaye huaminiwa kuwa ni pepo anayetumwa na mchawi kudhuru watu, si sawa na mzimu, ambao unaweza kuwa wa babu anayetaka kukumbukwa tu. Katika lugha za Wamijikenda koma ni roho za wahenga waliokufa. Kimeru kina nkoma. Kikuyu kina ngoma. Neno ni moja, limesafiri kutoka bonde hadi bonde, na katika maana yake ya kale lilitaja wafu wa ukoo, watu waliostahili heshima hata pale walipoogopwa. Baadaye, katika matumizi ya Kikristo, ngoma ya Kikuyu ikaja kumaanisha ibilisi. Mtu anayejifunza historia ya maneno ataona kilichotokea: mlango wenye vyumba vingi nyuma yake uliwekwa kufuli moja.

Ndivyo ilivyo hata katika mazungumzo ya kila siku. Vyumba vyote vile vya msamiati hufungwa, na neno moja hubaki kufanya kazi ya maneno kumi: uchawi. Aliyekabwa na jinamizi amerogwa. Aliyefiwa amerogwa. Aliyefeli mtihani amerogwa. Lugha iliyokuwa ikipambanua sasa inajumlisha, na ujumlishaji huo hufanywa na watu wale wale ambao wangeweza kutofautisha aina kumi za maharagwe kwa kuyatazama tu.

Panya wa Morogoro

Kutoka Kiirua, msomaji aelekee kusini hadi Morogoro, Tanzania, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Hapo shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997, lilihamishia shughuli zake mwaka 2000. Shirika hilo hufuga panya buku, wale wakubwa wenye vifuko mashavuni, na kuwafundisha kunusa. Panya hupewa jina. Huzoeshwa watu tangu angali mdogo. Hufundishwa kwa subira, miezi tisa hivi, na kila anaposibu hupewa kitu cha kula, kama vile kipande cha ndizi. Kabla ya kwenda kazini juani hupakwa mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani. Mtu aliyekulia katika methali za panya mwizi anaweza kusoma sentensi hiyo mara mbili.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa kunusa baruti iliyofukiwa. Panya buku ni mwepesi kiasi cha kutolipua bomu la ardhini anapolikanyaga. Anapopata harufu ya baruti hukwaruza ardhi, na watu huja kulitegua bomu lenyewe. Panya hawa walishiriki kusafisha mashamba ya Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa huru kutokana na mabomu ya ardhini mwaka 2015. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, alipelekwa Kambodia mwaka 2016. Mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la kuhudumia wanyama, PDSA. Alipokufa Januari 2022, alikuwa amesaidia kupatikana kwa zaidi ya mabomu na vilipuzi 100.

Kazi ya pili inahusu kikohozi. Tangu mwaka 2007 panya wa Morogoro wamekuwa wakinusishwa makohozi kutoka zahanati na hospitali ili kutambua kifua kikuu. Panya mmoja huweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Akisimama kwa sekunde chache juu ya tundu lenye sampuli fulani, sampuli hiyo huwekwa kando. Na hapa ndipo penye fundisho kubwa kuliko yote: neno la panya halichukuliwi kuwa hukumu. Sampuli aliyoiteua hurudishwa maabara na kuchunguzwa tena. Mgonjwa haambiwi kwamba ni mgonjwa kwa kuwa panya amesema. Huambiwa baada ya panya kusema na maabara kuthibitisha.

Sasa msomaji amrudie panya wa Kiirua aliyekwaruza godoro la bibi kizee anayekohoa. Haidaiwi hapa kwamba panya yule mweupe alinusa kifua kikuu. Si panya buku, wala hakufundishwa. Huenda alifuata joto. Huenda alivutiwa na makombo ya mkate yaliyoanguka kitandani. Huenda alinusa kitu ambacho hakuna mtu aliyepima. Jambo linalosisitizwa ni kwamba tendo ni moja, mnyama anayekwaruza mahali, nalo likifanyika Morogoro huzaa uchunguzi, ilhali likifanyika kijijini huweza kuzaa mshtakiwa. Tofauti haiko katika pua ya panya. Iko katika kile ambacho watu huamua kufanya baada ya kumwona. Kama mtu mmoja tu angesema, "Huyu nyanya na apelekwe akapimwe," mkwaruzo ule ungekuwa na manufaa hata kama panya mwenyewe alikuwa akitafuta mkate. Kiirua kwenyewe kuna hospitali ya misheni.

Na ule usiku ambao panya na paka waliutazama ukuta mtupu? Sayansi ina neno la kusema hapo pia. Sikio la binadamu halisikii sauti zinazozidi mitetemo 20,000 kwa sekunde. Panya huzungumza juu ya mpaka huo, na paka huweza kuwasikia. Mwaka 2005, nchini Marekani, watafiti Timothy Holy na Zhongsheng Guo walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba panya dume anaponusa harufu ya jike hutoa sauti za namna hiyo zenye mpangilio unaorudiwarudiwa, kiasi cha kustahili kuitwa wimbo. Kwa hiyo chumba ambacho mtu anakiona kimya kinaweza kuwa kimejaa sauti. Nyuma ya ukuta ule huenda alikuwapo panya wa ghalani akiimba.

Huenda. Neno hilo lisidharauliwe. Maelezo ya sauti yanatosha kuonyesha kwamba ukuta haukuhitaji mchawi. Hayatoshi kumwambia kijana kwa yakini kilichotokea usiku ule, wala kwa nini ilikuwa wiki ile. Atabaki na sehemu ya jambo lake isiyoelezeka, na pengine atabaki nayo hadi uzeeni. Jamii inayomheshimu ingemwacha abaki nayo kwa amani.

Gharama ya jina

Wasomaji watakaoona kwamba suala hili ni dogo na wakumbuke mambo matatu.

Mwaka 1995 kisiwa cha Pemba, na baadaye Unguja, kilikumbwa na hofu ya Popobawa. Watu walisimulia kwamba walivamiwa usingizini na kiumbe aliyewalemea wasiweze kusogea wala kupiga kelele. Familia zililala nje kando ya moto. Mtu yeyote aliyewahi kukabwa na jinamizi ataitambua sehemu ya masimulizi hayo, wala hatakuwa na sababu ya kuwaita wasimuliaji waongo: waliyoyahisi waliyahisi. Lakini hofu ilipokosa uso, ilitafuta uso. Mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa mjini Zanzibar na umati uliomdhania kuwa ndiye Popobawa.

Mei 2008, katika eneo la Kisii nchini Kenya, watu wasiopungua 11, wengi wao wanawake wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto na makundi yaliyowashuku kuwa wachawi. Oktoba 2021, huko huko Kisii, katika eneo la Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa shutuma hiyo hiyo. Na katika Kaunti ya Kilifi mauaji ya wazee yameenea kiasi kwamba Kaya Godhoma, huko Ganze, ikawa kimbilio la wazee waliotishiwa na watu wao wenyewe, mara nyingi kukiwa na ugomvi wa ardhi nyuma ya neno uchawi.

Jambo la tatu ni la kisheria. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 haikumlenga mganga wala mchawi peke yake. Iliweka pia kosa la kumshutumu mtu kwamba ni mchawi, isipokuwa shutuma hiyo ipelekwe kwa mamlaka husika. Waandishi wa sheria hiyo walikuwa wakoloni, na mengi waliyoandika kuhusu imani za Waafrika yana dharau. Lakini katika kipengele hicho kimoja walitambua kwamba neno linaweza kuua. Mwanafunzi wa lugha hapaswi kuhitaji bunge la kikoloni limfundishe hilo.

Mfalme aliyeuliza

Wahakiki wa Kiswahili wana hazina ambayo wameiweka kabatini. Katika Adili na Nduguze, kisa cha Shaaban Robert kilichochapishwa mwaka 1952, yumo mtu anayeishi na wanyama kwa namna isiyoelezeka. Adili, liwali wa Janibu, anakula pamoja na manyani wawili na kuwatunza kwa heshima, kisha usiku anawapiga mijeledi huku akitokwa na machozi. Mgeni wake, Ikibali, anachungulia na kuliona jambo hilo. Ushahidi umekamilika: ni usiku, ni siri, ni wanyama, ni ukatili na kilio kwa pamoja. Katika kijiji chenye haraka, Adili asingeona jua la kesho yake.

Lakini Ikibali hampeleki kwa umati. Anampelekea habari Mfalme Rai, na Rai anamwita Adili na kumtaka aeleze. Mfalme anasikiliza. Kisa kirefu kinafunguka: husuda ya ndugu wawili, jini aitwaye Huria, adhabu ambayo Adili aliamriwa kuitekeleza bila kuipenda. Mwisho manyani wanarudia ubinadamu wao. Msomaji wa kawaida hufurahia mwisho huo, na mwalimu wa kawaida huandika ubaoni kwamba husuda ni mbaya. Yote mawili ni sawa. Lakini maadili makubwa ya kisa hiki yamo katika kitendo ambacho hakiandikwi ubaoni: mwenye uwezo wa kuhukumu alichagua kuuliza. Ajabu haikukanushwa wala haikuharakishwa. Ilipewa nafasi ya kusimulia.

Fasihi ya baadaye imeendeleza nafasi hiyo. Nagona ya Kezilahabi (1990) inamtaka msomaji atembee kurasa nyingi bila kujua alipo. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) marehemu anamrudia mjukuu wake na kumtembeza katika nchi aliyoiharibu. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) inavuka mipaka ya wakati na ya pahali kana kwamba haipo. Wahakiki wameziita kazi za namna hii za uhalisiajabu, na istilahi hiyo ina faida zake. Hata hivyo, istilahi nayo inaweza kuwa njia ya kukimbia. Mara nyingi mwanafunzi huandika katika tasnifu yake kwamba "hapa mwandishi ametumia uhalisiajabu", akaweka nukta, akaendelea na ukurasa unaofuata kana kwamba amemaliza kazi. Katika miongozo ya shule za upili neno huwa jingine, ushirikina, nalo huorodheshwa chini ya maudhui pamoja na ulevi na ufisadi. Jina limetolewa, kufikiri kumekoma. Kwa utaratibu wake, uhakiki huo unafanana na yule jirani wa Kiirua kuliko unavyofanana na Mfalme Rai.

Pingamizi mbili

Watakuwapo watakaosema kwamba wito huu unaipa nguvu imani potofu. Kwao, jambo lisiloelezeka leo litaelezwa na sayansi kesho, na kuliacha wazi ni kuwaachia waganga uwanja. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau namna sayansi yenyewe inavyofanya kazi. Mtafiti wa Morogoro hakuanza kwa kutoa jibu. Alianza kwa kukubali kwamba panya ananusa kitu asichokinusa yeye. Kusema "sijui" ni hatua ya kwanza ya utafiti, na anayeiruka hawezi kufika ya pili.

Wengine watasema kwamba wazee wa Wameru walikuwa na majibu, na kwamba "sijui" ni maradhi ya wasomi. Hao na wakumbuke Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo makao yake ni Nchiru. Sifa ya baraza hilo imejengwa juu ya kusikiliza: mlalamikaji na mlalamikiwa hukaa mbele ya wazee, maneno huzungushwa, na hukumu haitolewi na aliyepiga kelele kwanza. Umati unaomkimbilia mjane na mienge hauwezi kudai kwamba unafuata mila. Umeiruka mila kama ulivyoiruka sayansi.

Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili

Wengi wanaosoma Kiswahili vyuoni watakuwa walimu. Watatumwa Kiirua, Kisii, Ganze na Pemba. Mbele yao watakaa vijana waliosikia nyayo juu ya paa, waliokabwa na jinamizi, waliomwona marehemu ndotoni akiwapa maji, na pengine mmoja anayefuga panya ndani ya sanduku na kuogopa kuchekwa. Mwalimu huyo hataweza kuwaeleza yote. Lakini ataweza kufanya mambo matatu.

Kwanza, awarudishie maneno. Afundishe tofauti ya mzimu na pepo, ya jinamizi na mzuka, ya kiinimacho na muujiza, ili mwanafunzi asilazimike kuita kila giza uchawi. Mwenye maneno kumi ana nafasi kumi za kusita kabla ya kushutumu.

Pili, asomeshe Adili na Nduguze kama kesi. Darasa ligawanywe, wengine wawe Ikibali, wengine wawe Rai, wengine wawe umati usiomo kitabuni, ule ambao ungefika kwa Adili kabla ya wito wa mfalme. Kisha waulizwe ni swali gani lililomwokoa.

Tatu, kila mtunzi chipukizi anayetafuta hadithi na ajaribu kumtoa panya katika kifungo cha methali. Lugha iliyompa mnyama huyu wizi na unafiki peke yake inamdai deni, hasa baada ya Morogoro. Anayemtazama panya akijisafisha ndevu kwa mikono miwili, akimwita mwenziwe kwa sauti isiyosikika, atagundua kwamba hata kiumbe anayeishi chini ya kitanda hajulikani nusu yake. Na aliyekwisha kuona hivyo kwa panya hatakuwa mwepesi wa kusema kwamba anamjua vyema jirani yake.

Kuhusu kijana wa Kiirua, hadithi yake haijaisha. Panya wake bado wanahitaji ngano asubuhi na karoti jioni, na maranda yanahitaji kubadilishwa. Usiku mabati yatalia tena. Jirani akija kumuuliza ni nini kile kilichotokea wiki aliyofariki nyanya yake, ajibu kwa neno ambalo mwalimu wake wa Kiswahili atakuwa amemfundisha kulitamka bila aibu: "Sijui." Kisha amkaribishe jirani ndani, amwonyeshe sanduku.

Haraka haraka haina baraka. Na katika jambo hili, haraka imekwisha kuwa na makaburi.